Tufungulie, Mama Kevin

Gatwekera, Kibera
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada yangu katika Bwana, Mama Mitchelle,

Bwana asifiwe sana. Nakusalimu wewe, namsalimu mama yetu pale kitandani, na watoto wote wa kaka yako, hata yule mdogo anayelia kila nikipiga simu kana kwamba anaona uso wangu. Hali yako ikoje, dada? Mgongo uliokusumbua kwa ajili ya kumbeba mama kumtoa nje aote jua umepoa, au bado unajipaka ile dawa inayonuka? Na mama mwenyewe, anakula? Niambie kama bado anakataa uji usio na limau.

Sisi huku tu wazima kwa neema yake Mungu. Mume wangu Shivachi goti likiona wingu tu linaanza kumuuma, lakini bado anapanda ngazi za mjengo na hajaanguka. Kevin amepata kazi ya kupaka rangi upande wa Riruta. Chumba chako, kile tulichogawana ukuta wa mabati miaka kumi na mmoja, ameingia kijana mwenye spika kubwa kuliko kitanda chake. Wewe ulikuwa ukigonga ukuta mara mbili najua chai iko tayari. Huyu nikigonga nimwombe apunguze sauti, anadhani nimependa wimbo, anaongeza.

Barua hii nimempa Nashon, fundi wa makochi, anayekuja huko Chwele kwa matanga ya mjomba wake. Najua ungeniuliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Vumilia, utaona mbele. Vumilia na mwandiko pia, unajua masomo yangu yaliishia darasa la saba, na mkono umezoea kukamua nguo kuliko kushika kalamu.

Dada, nianze na Bwana Kagiri, ingawa hata kuandika jina lake karatasi inataka kujikunja. Ni mwenyekiti wetu wa kanisa bado kwenye vitabu, lakini kiti chenyewe hakikalii tena. Subiri nikupangie mambo yote tangu mwanzo, maana wewe uliondoka Oktoba na kuna kitu kiliingia baada yako ambacho hujakiona, na bila kukijua hicho hutaelewa lolote.

Unamkumbuka Valerie, binti yake, yule anayefanya kazi kwenye ofisi za watu wakubwa? Alikuja Krismasi nyumbani kwao Kawangware na kijisanduku cheusi, ukubwa wake kama sahani ya sabuni, chenye vitufe sita vinavyowaka taa. Unakichomeka kwenye kompyuta, na kila kitufe unakifundisha kazi unayotaka wewe. Mkutano wa video ukiendelea huna haja ya kutafutatafuta kwenye kioo pa kubonyeza. Unagusa kitufe kimoja, maiki inafunguka au inafungwa, picha inatokea au inapotea, mkutano unakwisha. Valerie alisema kazini kwao kila meneja anacho. Baba yake aliposikia neno meneja, masikio yakasimama kama ya sungura.

Hebu fikiria. Mtu asiyeweza kuwasha kompyuta bila kuita nyumba nzima, mtu ambaye tangu mwaka wa korona, tulipoanza mikutano hii, alikuwa anatuonyesha tundu la pua lake moja kila Jumatano na kusema tuko pamoja wapendwa. Huyo sasa amepewa vitufe. Waruguru, yule bibi mzee, shosho wa Kawangware anayeomba mpaka chai inapoa, aliposikia kuna kitu kipya chenye vitufe alidhani kanisa limenunua kinanda, akauliza nyimbo zinaanza lini. Basi jina likashika. Wote tukakiita kinanda. Kinanda cha kunyamazisha watu, hicho ndicho Mwenyezi Mungu alituletea Krismasi ile kupitia kwa Kagiri.

Kiarie katibu ndiye aliyejaribu kwanza kukishika. Unakijua kidole cha Kiarie. Kiligusa vitufe viwili kwa mpigo, picha ikazima na maiki ikafunguka. Mimi nilikuwa pale pembeni napiga pasi, maana bado nilikuwa nawafulia siku tatu kwa wiki, na Valerie akaniita kwa mzaha, Mama Kevin kuja ujaribu wewe. Nikajaribu. Dada, mikono hii haijawahi kusifiwa kwa kitu kisicho na sabuni, lakini siku ile nilishika mara moja. Valerie akaniandikia kwa Kiswahili juu ya kila kitufe. FUNGUA na FUNGA zilikuwa za maiki ya pale kwa Kagiri, mahali kamati inapokaa. NYAMAZA ilikuwa ya kuwazima wengine wote waliounganishwa kutoka kwao. Halafu PICHA, halafu AMINA, na ya mwisho MWISHO. Tangu hapo kila Jumatano nikawa mezani pamoja na kamati, nimevaa kitambaa changu cheupe, kinanda mbele yangu. Watu wakaanza kuniita Enjinia. Nilifurahi. Sitakuficha hilo, nilifurahi kuliko inavyompasa mtu aliyeokoka.

Lakini Jumatano ya kwanza niliaibika. Tulipofika mwisho Kiarie akasema, Mama Kevin, tufungie. Sasa wewe na mimi tunajua kanisani ukiambiwa tufungie umeombwa kufunga kwa neno la maombi. Lakini mbele yangu kulikuwa na kitufe kimeandikwa FUNGA, na mimi ndiye mwenye kitufe. Nikakibonyeza kwanza kwa utii, halafu nikasimama nikaomba. Niliwaombea wagonjwa, wajane, serikali, wanafunzi wa mtihani, barabara ya kwenda Mashimoni, kila kitu. Nilipofumbua macho, nyumba nzima ya Kagiri ilikuwa inacheka mpaka machozi. Watu themanini walikuwa wamekaa nyumbani kwao wakitazama mdomo wangu ukienda bila sauti kama wa samaki. Tangu siku ile kila mtu alijua kwamba Mama Kevin hajui kutofautisha kufunga kwa maombi na kufunga kwa kidole. Likumbuke hilo jambo, dada.

Kitufe kilichonichefua zaidi ni cha tano. Kiarie alikuwa amerekodi kanisa zima tukiitika Amina siku ya Pasaka, ile Pasaka ya mwisho ulipokuwa nasi, na Valerie akaiweka sauti hiyo ndani ya kitufe. Kagiri akimaliza kusema, kitufe kinabonyezwa, Amina inalipuka. Alitangaza mahali pa kuegesha magari, Amina. Alisoma majina ya kamati, Amina. Siku moja alikohoa, Kiarie akadhani amemaliza, akaruka akabonyeza, na kanisa zima likaitikia kikohozi. Na sauti yako imo humo, Mama Mitchelle. Inapanda juu ya zote kama kawaida yako, inavuta ile naaa ya mwisho mpaka wengine wanakata pumzi. Kila Jumatano nilikuwa nakusikia ukimwitikia Kagiri, na wewe uko Chwele unamchemshia mama uji.

Na NYAMAZA ndiyo aliyoipenda kuliko mke. Alikuwa ananiinulia kidole kimoja bila kunitazama, kama mtu anayefukuza nzi. Mzee akiuliza swali, kidole. Waruguru akifika dakika ya pili ya maombi yake, kidole. Halafu anajifanya kusikitika, anasema nafikiri netwaki ya huko imekataa, tutamwombea. Na watu wale, dada, watu wazima wenye ploti na wajukuu, wanatikisa vichwa kwamba ndiyo, netwaki. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini netwaki ya Kagiri inawakataa tu wale Kagiri anaowakataa.

Sasa ile siku ya Februari. Wewe unaijua kwa upande wako, acha nikupe upande wetu.

Unakumbuka jambo lilianzaje. Mimi nilikuwa napiga pasi shati lake, yeye na Kiarie wakazungumza mbele yangu kana kwamba pasi ndiyo inayojisukuma. Walipanga kufunga chumba cha chekechea cha Mashimoni, kile ulichokianzisha wewe na watoto saba na gunia la kutandika kama mkeka. Mabati na madawati yangeletwa Kawangware yajenge studio ya mikutano. Watu wa Mashimoni wangehudhuria kwa simu zao. Kiarie aliuliza, na watoto je, akajibiwa nao wahudhurie kwa simu. Watoto wa miaka minne. Nikakupigia siku ileile nikakueleza, nikakuomba usitaje jina langu, ukaapa. Ukawapigia akina mama na mwalimu Beth, nao wakaenda kumuuliza Kagiri mlangoni kwake, naye akakana kwa kiapo. Akasema ni uzushi wako wewe, wa Nabalayo, kwamba Nabalayo yuko mbali na bado anagawanya kanisa. Ndipo akaitisha mkutano ule ujieleze kwa video, na usipojieleza uondolewe kwenye uongozi wa kina mama na chumba kisisemewe tena na mtu.

Ulionekana vizuri sana siku ile. Ulikuwa umesimama nje, nyuma yako mgomba, umevaa ile sweta ya kijani. Ulisema vizuri pia, mpaka Kagiri akaacha kutabasamu. Halafu Waruguru akauliza kwa upole, binti yangu, maneno haya uliyatoa wapi, tutajie mtu aliyekuambia. Ukaisogeza simu karibu na mdomo. Halafu ukasema:

"Mimi haya sikuyatunga. Niliambiwa na—"

Na hapo sauti yako ikakatika.

Wewe hukujua kwamba picha ilibaki. Tulikuona ukisema halo, halo. Tulikuona ukiitikisa simu, ukiiweka sikioni, ukiinua juu. Tulikuona ukikimbia na mgongo wako ule kupanda kichuguu cha nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, sweta imekamatwa na miiba, mdomo unasema, unasema, unasema. Kuku wawili walipita nyuma yako bila kukwama hata kidogo. Mtandao uliokufa hauonyeshi kuku wakitembea vizuri namna hiyo, lakini hilo nalo hakuna aliyeliona. Kagiri akasema, mnaona wapendwa, akiulizwa jina anapotea. Akasema wanaokubali dada yetu apumzike uongozini waseme Amina, na kabla mtu hajavuta pumzi akanyoosha mkono wake mwenyewe mbele yangu akabonyeza kile cha tano.

Najua uliisikia Amina ile pale kichuguuni, uliniambia. Uliniambia ilikuuma kuliko yote, jinsi tulivyoitika kwa nguvu. Dada, hatukuitika. Hakuna aliyefungua mdomo. Ilikuwa ile ya Pasaka. Sauti uliyoisikia ikikutoa uongozini, ile ya juu kabisa, ilikuwa yako.

Pumzika kidogo hapo kama mimi nilivyopumzika kuandika, halafu nikueleze jinsi Mungu alivyomshukia.

Mwezi uliopita, Jumatano ya pili, kulikuwa na mkutano wa kanisa zima. Ajenda ilikuwa mambo ya maendeleo, lakini kila mtu alijua ni chumba cha Mashimoni, na mara hii hakukuwa na Nabalayo wa kusimama. Akina mama walijaa kwenye chumba chenyewe mbele ya televisheni ya Nashon, watoto wamekaa chini. Kwa Kagiri kamati imekaa, picha imewashwa, maiki imefungwa, nyimbo zinalia tukingoja saa ifike. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, kukaa mbele ya picha anatabasamu kama mtu anayewaza mbinguni, huku chini ya meno anawateta wale wanaomtazama. Alikuwa stadi sana. Midomo haikusogea zaidi ya ya mtu anayetafuna njugu.

Kiarie akaniambia, Mama Kevin, leo wewe utatufungulia. Yaani kwa maombi, saa ikifika.

Mimi nikazima nyimbo kwenye kompyuta, nikabonyeza FUNGUA. Taa ikawa ya kijani. Nikaweka kitabu changu cha nyimbo juu ya kinanda, nikafumba macho, nikainamisha kichwa kama mtu anayejiandaa kuomba.

Kagiri akaendelea. Nayaandika kama alivyoyasema, maana kila mtu aliyasikia:

"Hawa wa Mashimoni ni watu wa kusukumwa tu. Wape kipande ya sabuni, watasema Amina mpaka jioni. Hiyo chumba inafungwa mwisho wa mwezi, na wakipiga kelele, si kinanda iko? Huyo Nabalayo si tulimkata katikati ya maneno, akapanda kichuguu kama mbuzi, na mpaka leo anadhani ni netwaki. Hata shosho Waruguru hukatwa kila wiki na anaomba tu, hajui anaombea ukuta."

Akacheka kile kicheko cha puani. Kiarie akacheka kumfuata.

Kwenye kioo zile nyuso ndogo ndogo zote zilikuwa zimeganda. Kule Mashimoni mtoto mmoja aliuliza mbuzi yuko wapi. Halafu sauti ya Waruguru ikaja, polepole, bila hasira yoyote:

"Kagiri. Mimi ulikuwa unanizima nikiongea na Mungu?"

Ningependa kukuambia kwamba kanisa lilisimama kwa sababu ya haki yako. Halikusimama kwa hiyo. Kila mtu alianza kukumbuka siku yake ya netwaki mbaya. Mmoja alisema ndiyo maana ombi langu la maji halikujibiwa. Mwingine akasema ushuhuda wake wa uponyaji ulikatwa mahali pazuri kabisa. Walikasirika juu yao wenyewe kwanza kwa nusu saa nzima, na walipochoka ndipo mama mmoja wa Mashimoni akasema, na Mama Mitchelle je? Hapo ndipo walipokukumbuka. Hao ndio watu wetu, tuwapende tu.

Kagiri akajaribu kujitetea, jasho linamtoka mpaka miwani inateleza. Alipoona imembana akanielekezea kidole kilekile cha kufukuza nzi. Akasema, mimi Kagiri siku ile ya Nabalayo sikugusa NYAMAZA, nilikuwa naokota miwani yangu chini ya meza, aliyemkata ni huyu Mama Kevin, kwa kidole chake, mimi hata sikumwambia. Watu walimzomea. Waruguru akasema huna haya, unamsingizia mama wa kukufulia nguo asiyejua FUNGA na FUNGUA, si leo tena ameambiwa atufungulie kwa maombi akafungua maiki? Wakacheka, wakanionea huruma. Wakasema Mungu amemtumia mnyonge asiyejua. Wengine wakaja kunishika mkono.

Kwa hiyo chumba kimebaki. Madawati hayaendi popote. Kagiri ameombwa apumzike, neno lake mwenyewe, na kinanda kimerudishwa kwa Valerie. Kazi ya kufua pale iliisha siku ileile, siku hizi nafua Riruta. Na Jumamosi ijayo wazee wanakuja huko kwako kukuomba msamaha na kukurudisha. Anakuja Waruguru na miaka yake yote, anakuja Kiarie ambaye sasa anajifanya alikuwa upande wako tangu zamani. Watakuambia Kagiri ndiye aliyekukata. Watakuambia pia jambo moja wameazimia, kwamba ukirudi utasimama mbele ya kanisa zima na kumalizia yale maneno mahali yalipokatwa, ili kila mtu asikie jina.

Sasa, Mama Mitchelle, sababu ya kuandika.

Kagiri alisema kweli. Katika maisha yake yote tangu nimjue alisema kweli mara moja, na mara hiyo hakuna aliyemwamini.

Alikuwa chini ya meza anatafuta miwani. Hakuinua kidole. Hakuna mtu aliyeniambia kitu. Niliposikia "niliambiwa na," nilijua neno linalofuata ni jina langu, na mkono wangu ukaenda kwenye NYAMAZA. Ungesema Sella, na Sella angepoteza kazi, na lile jina la Enjinia, na kile kiti mezani. Taa ikawa nyekundu. Kitufe kile ukikigusa mara ya pili kinarudisha sauti, ndivyo Valerie alivyonifundisha, na mimi nilifundishika vizuri. Nilikutazama ukipanda kichuguu chote, kidole changu kiko juu yake, sikukigusa. Ulifika juu ukasimama, ukainua simu kwa mikono miwili. Nilitazama mpaka mwisho.

Kagiri alipotoka chini ya meza akaangalia kioo, akaangalia taa, akaniangalia mimi, akaniinamishia kichwa kidogo tu, kama unavyomshukuru mfanyakazi mzuri. Nilipokuwa naondoka akanipa nusu ya keki iliyobaki. Watoto waliila. Mimi pia niliila.

Na wewe ulinipigia kesho yake. Ukaniambia ulikuwa na hasira, kwamba shetani alikuwa amekukalia ulimini ukakaribia kuvunja kiapo na kunitaja, na ya kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyekata mtandao ili usimsaliti rafiki. Ukaniambia tumshukuru pamoja. Ukaomba. Mimi nikasema Amina. Ile haikuwa ya kitufe, dada. Ile niliisema kwa mdomo wangu.

Nimemdharau Kagiri katika barua hii yote na sifuti neno hata moja, anastahili kila moja. Lakini yeye alihitaji kitufe na mtu wa kukibonyeza. Na ile Jumatano ya FUNGUA haikuwa makosa, nilijua ninachofanya. Nilidhani nikifungua moja nitakuwa nimefidia ile niliyofunga. Badala yake wananishika mkono kanisani, wananiita mnyonge aliyetumiwa, nami nashikwa mkono hivyo kila Jumapili. Leo nimeshikwa na watu wanne kabla ya kufika mlangoni. Nikaja moja kwa moja nyumbani nikachukua kalamu. Kwa simu nisingeweza. Ungeanza kulia, na mimi nina kidole kinachojua kukata.

Sijawaambia wao. Nilitaka wewe usikie kabla hawajakufikia, usije ukawapokea na kumshukuru Mungu kwa kazi ya mkono wangu mbele ya watu wote. Wakikuuliza jina, usifikirie kiapo tena, nimekufungua. Ukisimama pale mbele umalizie. Niliambiwa na Sella, wa Shivachi, jirani yangu wa ukuta mmoja. Nitakuwa nimekaa benchi ya tatu, upande wa kina mama, sitatoka. Na yale ya kidole nitayasema mwenyewe, usinisaidie.

Msalimie mama, mwambie limau nimemtumia, ziko kwenye mfuko wa Nashon, sita, asikudanganye zilikuwa nne. Wasalimie wote wa nyumba hiyo. Shivachi anakusalimu, hajui ninachoandika, anadhani nakuuliza habari za mvua.

Nashon anarudi Jumatano na amekubali kungoja uandike. Tafadhali nijibu mapema, hata kama ni mstari mmoja.

Ni mimi,
Sella, Mama Kevin